Tuliobeba Sufuria Zetu Hadi Mavivi

Niseme tangu mwanzo: wazo la kubeba sufuria lilikuwa langu, na nililijivunia kuliko kitenge kipya.

Tulikuwa watu kumi na wawili wa parokia yetu ya Butembo, tukienda juma moja tu kuwasaidia Wakristo wa karibu na Mavivi kuinua kuta za kanisa lao. La zamani lilianguka wakati vita vilipowafukuza. Kwetu wengine walinung'unika. Juma moja litafanya nini? Si afadhali kutuma mabati na kubaki nyumbani? Mimi nikifurahi siwezi kunong'ona, nikawajibu kanisa zima likisikia kwamba angalau hatutamlemea mtu yeyote. Nikapakia viazi vya Lubero, maharagwe, mafuta, makaa, sufuria nne, hata chumvi. Watu wa Butembo ndivyo tulivyo. Tukienda tu kumsalimu shangazi, tunafunga mizigo kama wanaokwenda kufungua duka.

Safari yenyewe ilikuwa furaha tupu. Tuliimba juu ya lori mpaka sauti zikakauka, na kadiri tulivyoteremka kuelekea Beni ndivyo tulivyovua masweta moja baada ya jingine. Tulipofika Mavivi ndege ilipita chini juu ya vichwa vyetu ikienda kutua, na sisi watu wazima, wenye watoto nyumbani, tukaipungia mikono. Nilikuwa nimeitamani kazi hii maisha yangu yote.

Mimi na mwimbaji mwenzangu tulipewa kulala kwa mama mmoja mjane. Alikuwa amerudi nyumbani kwake miezi minne tu iliyopita, baada ya miaka mitatu ya kuhifadhiwa katika nyumba za watu mjini Beni. Mchungaji wa pale alituambia kwamba mama huyo alimwendea mara tatu kumsihi ampe wageni. Hakuomba kitu kingine. Nilisikia, nikasema amina, nikaenda kutafuta pa kuweka sufuria zangu.

Siku ya kwanza watu walikuja wengi kwenye kiwanja cha kanisa. Akina mama walileta maji kwa bidoni za lita ishirini, wanaume wakakanyaga udongo, na mimi nilikuwa ndani ya tope hadi magotini nikiongoza nyimbo. Mchana nikawaita wenzangu, tukaketi nyuma ya lori letu, tukala viazi na maharagwe yetu. Tuliporudi kazini, nusu ya akina mama walikuwa wameondoka. Jioni mama mwenyeji wetu aliuliza kama tuna njaa. Nikamwambia kwa majivuno kwamba tumeshiba, asijisumbue. Akafunika chungu chake, akaingia ndani.

Siku ya pili walikuja watu watano. Siku ya tatu hakuja hata mmoja wa kuteka maji, udongo ukaanza kukauka, na tulikuwa tumebakiza siku chache tu. Hasira zangu haziko mbali. Nilisema, na sikusema polepole, kwamba hawa watu kanisa lao hawalitaki. Kisha nikaenda moja kwa moja kwa mama yetu, nimwulize majirani zake wana shida gani.

Nilimkuta jikoni akikatakata bugali baridi na kuwatupia kuku. Ulikuwa bugali wa jana na wa juzi, wa kutosha watu watatu, na haukuwa umeguswa. Aliniangalia, hakuacha kukata.

“Mutoto yangu, kwenu mugeni anabebaka sufuria yake? Mulikuya kwetu, ao mulikuya tu ku kiwanja? Batu banasema, bale ba Butembo banaogopa chakula yetu.”

Nilitamani ardhi inimeze. Mimi ni Munande kwa kabila, nimelelewa na mama aliyekuwa akiuliza mgeni amekula nini kabla ya kuuliza ametoka wapi. Najua mgeni hukabidhi mzigo wake mlangoni, mwenye nyumba akaupika apendavyo. Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tulijitwalia jembe siku ya kwanza na chakula tukajipikia wenyewe. Nilikuwa nimekuja kumsaidia mama huyu, nikamnyang'anya kitu kimoja tu alichokuwa amekiomba.

Nilimwomba msamaha, nikarudi mbio kiwanjani. Sufuria zilikuwa tayari zinachemka. Nikawaambia wenzangu zimeni moto, fungeni magunia, tunapeleka vyote kwa akina mama, hata chumvi. Wakaniangalia kama mtu aliyepigwa na jua. Tuligawanya mizigo nyumba kwa nyumba, tukaikabidhi mlangoni kwa mikono miwili, kisha kila mmoja akaketi kwa mwenyeji wake, akangoja. Kungoja huko ndiko kulikuwa kazi yangu ngumu kuliko zote za juma lile.

Saa tisa kiwanja kilikuwa kimejaa, na bidoni zilikuwa nyingi kuliko udongo. Ijumaa kuta zote nne zilikuwa zimesimama. Nilifurahi mpaka nikacheza peke yangu mbele ya mlango usio na ubao. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hili nilikuwa nalisema tangu utotoni bila kulifikiri. Mabati tutayatuma, ndiyo, watu wanayahitaji. Lakini bati halinawi mikono likaketi kula kwa mtu.

Ila ninachokumbuka zaidi kuliko kuta ni mchana ule wa siku ya tatu. Mama alitumiminia maji mikononi, akatutengea sombe ya majani ya muhogo, makayabo, yaani samaki wa chumvi, na bugali wa moto, akaomba sala ndefu, kisha akakaa kando akitutazama. Nikamshukuru kwa Kinande, “Wasingya, mama. Kuya tukule pamoja.”

Akatikisa kichwa.

“Acha kwanza niwaone,” akasema. “Miaka tatu nilikula kwa batu. Leo batu banakula kwangu.”

Akaniongezea bugali. Nilikuwa nimeshiba mpaka kooni, nikala.