Mtumishi wa Maombi

Meneja hakutaka hata neno moja la Kiingereza katika taarifa ya bodi kuhusu programu mpya. Wajumbe wa bodi walikuwa wakulima wa kahawa kutoka miteremko ya Meru, alisema, na mkulima hawezi kupigia kura kitu asichoweza kukitamka. Mimi nilikuwa nimeajiriwa miezi michache kabla, niandike barua na kumbukumbu za vikao, kwa sababu mtu fulani alimwambia kwamba naandika hadithi. Nilipewa meza ya dirishani. Siku za mawingu dirisha lile lilikuwa na weupe mtupu. Mawingu yakiondoka, mlima ulikuwa pale pale, kama mtu aliyekuwemo chumbani muda wote akisikiliza.

Ofisi yetu ilikuwa mjini, Engutoto, katika nyumba iliyojengwa kwa ajili ya kuishi. Kompyuta zilikaa lilipokuwa jiko, na ukuta wa nyuma yao bado ulikuwa na weusi wa moshi ambao rangi mpya ilishindwa kuufuta.

Kampuni ilikuwa ya wakulima wenyewe. Soko la kahawa lilipofunguliwa, na wanunuzi binafsi wakaanza kuegesha malori yao barabarani na kuwaita watu kwa majina, wakulima wa vijiji kadhaa waliamua kukusanya, kukoboa na kuuza nje kahawa yao bila kumpitia mtu. Walifanikiwa kiasi. Lakini kila sehemu ilikua kivyake. Kituo cha kupokelea kahawa, kule juu ya Nkoaranga, kilikuwa na kompyuta ya mtumba yenye programu iliyohesabu kahawa mbivu kwa kilo, siku kwa siku, jinsi wanawake walivyoishusha mgongoni. Kiwanda cha kukoboa kilikuwa na programu nyingine, iliyojua magunia tu. Ofisi ya mauzo ilikuwa na ya tatu, ya kutoka nje, iliyoandika mwezi kabla ya siku. Kahawa iliyochumwa tarehe nne mwezi wa tisa ilifika kwenye karatasi za mnunuzi ikiwa imechumwa tarehe tisa mwezi wa nne, kabla miti yetu haijaiva, na mnunuzi akauliza kwa upole kama tunauza kahawa ya mwaka jana.

Kwa hiyo ilibidi tuchague kati ya njia mbili. Ya kwanza ilikuwa programu moja kubwa, ikae kwenye mashine moja pale Engutoto, na kazi zote zihamie ndani yake. Kompyuta za vituoni zizimwe na kila kitu kiingizwe mjini. Ya pili ingeacha kila kompyuta ilipo na kukaa katikati yao. Ingepokea kilichosemwa na kituo, ikigeuze kuwa katika namna ambayo kiwanda kinaielewa, halafu ikigeuze tena kwa ajili ya ofisi ya mauzo. Meneja alizilinganisha kwa haki, hilo nakiri mpaka leo. Ile kubwa, aliandika, ina mahali pamoja pa kutazama na pamoja pa kutengeneza, na ikianguka tunaanguka sote. Ile ya katikati haitupi kitu, lakini kila sehemu moja ikibadilika lazima ifundishwe upya.

Tatizo lilikuwa majina. Jina la Kiingereza la ile ya kwanza lina maneno mawili. Moja, application, ni lile lile linaloandikwa juu ya barua ya kuomba kazi. La pili siku hizi tunasema seva, na maana yake ni anayehudumia. Meneja alifungua kamusi, akatembeza kidole, akafurahi.

"Mtumishi wa maombi," alisema. "Andika."

Nilimwambia kwamba mlimani neno hilo wanalisikia vingine.

"Vingine vipi? Mimi mtumishi, wewe mtumishi, karani wa halmashauri mtumishi."

Alizaliwa Kaloleni, katika moja ya zile nyumba za zamani ambazo babu zao walikuja kutoka pwani kufanya biashara. Kiswahili kilikuwa lugha yake ya kwanza na ya nyumbani, na katika nyumba hiyo mtumishi alikuwa mtu wa serikali na maombi yalikuwa karatasi. Kule juu, kwa Walutheri, mtumishi ni wa Mungu. Na maombi ni yale ya kupiga magoti. Ile programu ya pili aliiita programu ya kuunganisha huduma, nayo nikaiandika.

Msimamizi wa kituo cha juu alikuwa mama mdogo wangu. Alikuwa mjane mwenye migomba, ng'ombe wawili, na mama mkwe ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha. Kuhamia mjini hakukuwa jambo la kufikiria. Nilipanda kwake Jumamosi moja, nikamkuta akikatakata mgomba wa kulisha ng'ombe, nikamweleza.

"Kwa hiyo hiyo kubwa ikija, mimi nakwenda wapi?"

"Unabaki na mizani, mama."

"Mizani inasimamiwa na yeyote mwenye macho." Aliendelea kukata. "Sema tu kwamba naondoka."

"Wakichagua ile ya pili, hakuna kinachobadilika hapa."

"Na watachagua ipi?"

Nilisema sijui. Alichukua vipande kwa mikono miwili na kuvimwaga horini, na ng'ombe wakaleta vichwa.

Bodi ilikutana kituoni kwake. Gari la Meneja lilikwama kwenye utelezi, akapanda kijia kwa miguu, na alipoingia viatu vyake vilikuwa vyekundu mpaka kwenye kamba. Chumba kilinuka maganda ya kahawa yaliyochacha. Aliwaamkia wazee mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, kisha akasoma taarifa yote akiwa amesimama, kwa sauti nzuri.

Alipomaliza, wa kwanza kuuliza alikuwa mzee mmoja, mshili, yaani kiongozi wa ukoo wake, mtu aliyezoea kusuluhisha ugomvi wa mipaka.

"Meneja, huyu mtumishi wa maombi atatoka usharika gani?"

"Hatoki usharika wowote, mzee wangu. Anatoka nje ya nchi."

"Ah. Mmisionari."

"Atakaa Engutoto," Meneja aliendelea, akiwa bado kwenye karatasi yake, "na atahudumia vituo vyote kwa wakati mmoja, usiku na mchana, bila kupumzika."

"Huyo kweli ana kipawa," alisema mama mmoja, mjumbe pekee mwanamke. "Mchungaji wetu anashindwa mitaa mitatu."

"Ana familia?" mzee aliuliza.

"Anahitaji umeme tu."

Hapo walicheka, na Meneja akaelewa, akacheka pia, mkono usoni. Akawaambia ni mashine. Walikuwa wameshajua, au nusu yao walikuwa wameshajua. Lakini niliona kitu ambacho sikukitarajia: neno lilikuwa limekwisha kufanya kazi yake. Hata baada ya kuwa mashine, mtumishi wa maombi alibaki mtu mwema. Waliendelea kumwita "huyu." Ile ya pili waliisogeza pembeni kama sahani ya mgonjwa. Usharika wao ulikuwa umeunganisha ibada ya Kimeru na ile ya Kiswahili muda mfupi uliopita, na wazee walikuwa hawajapona.

"Tumeunganishiwa huduma mara moja," alisema mshili. "Inatosha."

Mwenyekiti alisema kama hakuna la ziada wapige kura. Mama mdogo alikuwa mlangoni na birika la chai. Hakuingia wala hakuondoka. Alikuwa amesikia kila kitu, na alijua, kama nilivyojua mimi, kwamba mikono ikiinuliwa wakati ule angepoteza kazi yake kwa sababu ya ibada ya Jumapili.

Niliinua kalamu. "Mwenyekiti, naomba kusahihisha tafsiri kabla ya kura."

"Ipi?"

"Ile ya pili. Haiunganishi kitu. Ni mkalimani."

Waliniangalia. Nikasema mgeni akija kuhubiri, mkalimani husimama kando yake. Mgeni anabaki na lugha yake, nyinyi mnabaki na yenu, na hakuna ibada inayofutwa. Kituo kiseme kilo, kiwanda kisikie magunia.

"Mkalimani," Meneja alirudia taratibu. "Hilo ni zuri kuliko langu."

Kisha mshili akakunja mguu wake. "Na mkalimani akikosea? Yule mgeni wa mwaka ule alisema tu mlimani kuna baridi. Mkalimani akatuambia mgeni anaomba blanketi. Alirudi kwao na mablanketi mangapi?"

"Ya kufungulia duka," alisema yule mama.

Meneja angeweza kunyamaza hapo, au kutafuta maneno laini. Alijibu kama ilivyokuwa. "Akikosea ni vigumu kujua, mzee. Kila upande utaona kwake mambo yamenyooka."

Niliona birika likishuka kidogo mkononi mwa mama mdogo.

"Sisi ya blanketi tulijuaje?" mshili aliuliza.

"Mwalimu wa shule ndiye aliyetuambia," alisema mama yule. "Alikuwa amekaa nyuma, akasikia maneno yenyewe ya mgeni."

"Basi." Mshili aligeuka kwa mwenyekiti. "Mkalimani aje. Lakini huku juu abaki mtu anayejua kilichosemwa. Huyu mama abaki na kompyuta yake, na kila asubuhi awasomee watu wa mjini kwa simu alichoandika. Wakiona tofauti, tutajua ni blanketi."

Meneja alisema, kwa heshima, kwamba lengo lote la programu lilikuwa watu wasisomeane tena kwa simu.

"Hilo ni lengo lako, Meneja. Letu ni kahawa ifike mjini ikiwa kahawa."

Walipiga kura. Mama mdogo akaingia na chai, akaanza kumimina kwa mwenyekiti, na nilipofikiwa alijaza kikombe changu mpaka kikamwagikia kwenye sahani, bila kunitazama.

Mkalimani alikuja, akafungwa kwenye lile jiko la zamani, na kwa miaka niliyokuwa pale hakuwahi kuitwa jina jingine. Mkalimani amelala. Mkalimani ana homa leo. Kila asubuhi simu yangu ililia. Mtandao wa simu kule juu ulishika kwenye meza ya mwisho ya kuanikia kahawa tu, kwa hiyo mama mdogo alisoma akiwa amesimama kwenye upepo, na nyuma ya sauti yake nilisikia reki za mbao zikipita juu ya kahawa. Takwimu zilikuwa zimekwisha kunifikia kwenye skrini, kupitia dishi la kituo, kabla hajafungua kinywa. Nilizifuata kwa kidole hata hivyo, mstari kwa mstari.

Asubuhi moja Meneja alipita nyuma yangu na kikombe chake. "Mkalimani anasemaje?"

"Sawasawa na mama mdogo."

"Mwambie asante," alisema, na sikujua ni nani kati ya wawili hao.

Mama mdogo alipofika mwisho wa mstari hakukata simu mara moja. Aliuliza kama alivyouliza kila siku:

"Umenipata?"

"Nimekupata, mama."

Ndipo akashuka kwenda kupokea kahawa.