Minazi ya Ijumaa

Jirani yangu wa chumba cha pili hapa Mombasa hukuna nazi kila siku baada ya adhuhuri. Mbuzi yake ni ya zamani, mguu mmoja mfupi kuliko mingine, na kila anapokuna, ile mbao hugonga sakafu ya saruji, kwaru-kwaru-ko, kwaru-kwaru-ko. Wapangaji wengine hulalamika. Mimi huacha ninachofanya nikasikiliza, na harufu ya nazi mbichi ikipenya chini ya mlango, huwa siko tena Mombasa. Niko kisiwani Pate, nina miaka kumi na moja, nimesimama kando ya mnazi unaokufa.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo, maana habari yenyewe ina aibu ndani yake na kwetu huisimulia nusunusu.

Nilizaliwa katika kitongoji cha nyumba tisa, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka Chundwa, katikati ya mashamba ya mahindi, simsim na muhogo. Babu alilima pale mpaka akafa, baba akaendelea pale alipoishia. Lakini mashamba hayakuwa yetu, yalikuwa ya "wenyewe". Neno hilo nililisikia kabla sijajua kufunga kanga. Wenyewe walikaa mbali, sura zao hatukuzijua, na tuliyemjua ni msimamizi wao tu, Bwana Athmani, ambaye kazi hiyo aliirithi kwa babake. Alikuwa mrefu, kofia yake imepigwa pasi hata siku za matope, na kila mwezi alipita na bakora yake kukagua.

Sheria zake zilikuwa nyingi, ila iliyozidi zote ni moja. Mahindi lima, simsim lima, muhogo panda utakavyo, lakini mnazi usipande, wala mwembe, wala mti wowote utakaobaki baada ya msimu. Kwetu mtu akipanda mnazi, mnazi ni wake hata kama ardhi ni ya mwingine, na mwenye minazi si mtu wa kuambiwa ahame kesho kutwa. Bwana Athmani akiona mche umechomoza, hata ule uliojiotea wenyewe jaani, aliung'oa kwa mkono wake na kwenda nao.

Sababu hizo mimi sikuzijua. Nilijua tu kwamba nazi hutoka dukani. Mama alinituma Chundwa nikanunue mbili za kupikia wali wa Ijumaa, nami nikapita mashamba ya watu yenye minazi kushoto na kulia, nikirudi na nazi za duka kikapuni, na wala sikuona ajabu. Nilidhani mnazi ni kitu cha watu wenye uwezo, kama friji.

Nyumba yetu nayo ilikuwa makuti juu na makuti ubavuni. Mama alitaka ikandikwe udongo, na kila mwaka baba alimwambia mwakani, inshallah. Baba alikuwa mkali, hana mzaha na mtoto, na shambani alikuwa simba wa kazi, lakini nyumba hakutaka kuigusa hata kwa msumari. Mama alisema ni uvivu wa aina yake, nami nikaamini, kwa sababu mama alikuwa hakosei.

Basi mwaka huo ikaja habari kwamba serikali itapima ardhi upande wetu, na kila shamba liandikwe jina la mtu. Wenyewe wakawahi. Walipeleka barua kusema kwamba shamba lao lilikuwa tupu miaka yote, na sisi ni wavamizi tuliojipenyeza juzijuzi. Aliyetuletea habari ya barua hiyo ni Bi Rukia, dada mkubwa wa mama. Alikuwa mfupi, hajui kusoma, na sauti yake ilisikika shamba la tatu. Aliingia nyumba zote tisa siku moja. Wiki ile ile wakulima wakawa kikundi, naye akawa mwenyekiti, kwa sababu hakuna aliyethubutu kugombea naye. Wakaandikiwa barua yao na mwalimu wa skuli, wakatia vidole gumba vya wino wa buluu. Jibu likaja kwamba afisa wa ardhi atafika mwenyewe kuangalia kwa macho yake. Akiamini barua ya wenyewe, tutaondoka kabla ya masika. Akituamini sisi, kila nyumba itaandikwa mahali ilipo. Hivyo ndivyo Bi Rukia alivyotueleza, watoto kwa wakubwa, na baada ya hapo nyumbani kwetu hakuna aliyekula akashiba.

Hofu ikawaingia wakubwa mpaka ikawapokonya akili. "Huyo afisa ni mtu wa bara," Bi Rukia alisema, "atatuaminiye kuwa tuzaliwe hapa, na hata mnazi moya hatuna?" Ikatokea kwamba mzee mmoja wa Chundwa alikuwa anasafisha kiwanja amjengee mwanawe, na minazi saba ilikuwa njiani, kila mmoja umempita mtu mzima kwa urefu. Akasema chukueni.

Ijumaa, Bwana Athmani akiwa ameshuka Lamu kumpokea afisa, wanaume wa kitongoji waliichimbua ile minazi, wakaifunga kwenye punda, na punda wakaja wanaiburura wakiwa na nyuso za watu walioonewa. Hata alasiri haijaadhiniwa, minazi saba ilikuwa imesimama mstari mmoja mbele ya nyumba yetu, kwa sababu sisi ndio tuliokuwa kando ya njia. Ikakubaliwa kwamba afisa akiuliza, jibu ni miaka sita. Baba alilisikia jibu hilo, akatikisa kichwa kidogo. Mimi nilidhani amekubali.

Afisa alikuwa aje Jumamosi. Alikuja Jumatano. Kwanza alipata mkutano, halafu boti ikakuta maji yamekupwa ikarudi, halafu sijui nini tena. Sasa, mwenzangu, hata mtoto wa Pate anajua kwamba mnazi wa umri ule ukiung'oa umeuudhi, nao hausamehi upesi. Jumapili makuti yakapauka. Jumatatu yakaanza kuinama. Tulichota maji kisimani, watoto wote, mpaka kamba ikatuchubua viganja, na ile minazi ikayanywa maji yetu yote na kuzidi kunyauka. Jumanne yote ilikuwa imelegea, na Bi Rukia akapita mbele yake mara mbili bila kuitazama.

Nikapata wazo. Mama alikuwa msusi wa mikeka, na ndani kulikuwa na ukindu mwingi. Nikasokota kamba nyembamba, nikapanda juu ya ndoo, nikaanza kuyafunga makuti moja moja kwenye kilele ili yasimame. Mama akatoka akaniona. Nilingoja nichapwe. Aliingia ndani akarudi na ukindu mwingine, wa kijani zaidi usionekane, na tukafunga pamoja mpaka magharibi.

Jumatano afisa akafika. Alikuwa mwanamke wa bara, mwenye maneno machache na viatu vya mpira vilivyojaa matope ya njia nzima, na kila mtu alimwita Madam. Bwana Athmani alikuwa ubavuni pake, kofia nyeupe pe. Ikasomwa dua, kisha akaanza kutembea nyumba kwa nyumba na daftari lake, watu wote nyuma. Alipofika kwetu akasimama. Aliitazama ile minazi saba kwa muda mrefu. Kisha akanyoosha mkono akagusa kuti moja, kidogo tu.

Kamba yangu ikakatika. Kuti likaporomoka, likamkalia begani.

Nilitamani ile ardhi tuliyokuwa tukiigombania inimeze. Nilijua nimewatoa watu wa nyumba tisa majumbani mwao kwa kamba ya ukindu.

Madam akaliondoa kuti begani. "Mzee," akamwuliza baba, "hii mmepanda lini?"

Baba akamtazama Bi Rukia, akanitazama mimi, akaitazama minazi. Midomo ikacheza. Najua ile miaka sita ilikuwa mdomoni, niliiona.

"Ijumaa," akasema.

"Ijumaa gani?"

"Hii ilopita."

Bi Rukia alishika kichwa kwa mikono miwili. Nilimchukia baba wakati ule, nakiri. Bwana Athmani alicheka mpaka akaegemea bakora. "Sikukwambia, Madam? Warongo hawa!" Angenyamaza hapo angekuwa ameshinda, na huenda leo ningekuwa sijui hata kitongoji chetu kilikuwa upande gani. Lakini alikuwa mtu aliyeipenda kazi yake.

Madam akamwuliza baba kwa nini hawakupanda zamani, na kabla baba hajafungua kinywa, Bwana Athmani akamjibia.

"Nani angewaata wapande? Babangu alimkataza babake huyu, hapa hapa tulipo. Akafa yule, nikamkataza huyu mimi. Hapana mnazi uliosimama hapa mbele ya mato yangu, tangu kisima kile hakiyatimbwa!"

Kisima chetu kilichimbwa kabla mama hajaolewa.

Madam akafungua ukurasa mpya. "Baba yako alimkataza baba yake. Hapa."

"Hapa hapa!"

"Rudia polepole, mzee, niandike."

Naye akarudia. Akataja jina la babake na jina la babu yangu, akataja kila nyumba na mti alioung'oa, na afisa alipokosea jina la babu akamsahihisha. Kisha akatia sahihi yake kwa mwandiko mzuri. Nilichokiona mimi, kutoka nyuma ya kanga ya mama, ni mikono ya Bi Rukia ikishuka polepole kutoka kichwani. Akasogea mbele. "Kweli, Madam," akasema kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake. "Bwana Athmani hasemi urongo. Hata mimi alinikataza." Akaitikia mwingine, "Na mimi! Mwembe wangu aliung'oa mwanangu angali anyonya, na sasa ana wake wawili!" Mara kila mtu akataka kuandikwa kwamba alikatazwa. Walisukumana. Wengine waliwatetea marehemu zao wasisahauliwe. Bwana Athmani alisimama katikati yao akiitikia kila jina, ndiyo, na huyo pia, na huyo pia, mpaka mahali fulani uso wake ukabadilika na sauti ikamwishia.

Sikuelewa hata kidogo. Niliwaona watu wazima wanajivunia kukatazwa, nikadhani wamepata wazimu, nikaenda kujificha jikoni. Ilinichukua miaka kuona alichokiona Madam palepale, kwamba mtu hamkatazi asiyekuwepo. Wenyewe walikuwa wameandika kwamba shamba ni tupu, na mtu wao mwenyewe akaja kuwatajia waliokuwa ndani, vizazi vitatu, kwa majina. Nasikia wenyewe hawakumtuma tena kazi yoyote. Siku Bi Rukia aliposomesha maulidi, Bwana Athmani alialikwa, naye akaja, na hakuna aliyemsema vibaya, angalau yeye akiwepo.

Baada ya miezi mingi majina ya walioandikiwa ardhi yalisomwa katika darasa moja la skuli ya Chundwa, watu wakiwa wamebanana kwenye madawati ya watoto. Likasomwa la baba. Alipangusa uso kwa kofia, akaivaa tena. Bi Rukia alilia kwa sauti ile ile aliyoitumia kwa kila kitu. Mama alinishika mkono mpaka ukauma, na njia nzima ya kurudi hakuuachia.

Jioni ile tulikula barazani. Ghafla baba akainua mkono akaushusha begani pake, taratibu, kama lile kuti lilivyomkalia Madam. Akaukodolea macho mkono wake mwenyewe. Mama akaanza kucheka, nami nikacheka, na baba akacheka, kichwa nyuma, kinywa wazi, machozi yakimtoka. Tangu siku hiyo alikuwa mtu wa mizaha. Aliwatania wageni, alimwimbia punda, na nyumba akaikandika udongo ndani ya mwezi mmoja, akishindana na mvua.

Nilipokuwa msichana nilidhani uzee umemlainisha. Sasa nina nyumba ya kupanga na watoto wangu, na nimewahi kupewa notisi, nikalala wiki tatu na masanduku yamefungwa, nikiwakemea watoto kwa kila kelele. Ndipo nikamjua baba yangu. Hakuwa mvivu, wala hakuwa mkali. Alikuwa mtu anayengoja kuambiwa aondoke, na alingoja hivyo tangu alipopata akili. Mtu wa namna hiyo hakandiki ukuta, na hachezi na watoto, kwa sababu sikio lake moja liko njiani. Kwa miaka kumi na moja nilikula naye sahani moja, na yule mtu aliyecheka jioni ile nilikuwa bado sijamwona.

Jioni ile alipokuwa akicheka, niliona ana pengo la jino upande wa kulia, huku nyuma. Nikamwonea huruma, nikamnong'oneza mama, baba ameng'oka jino lini? Mama akanitazama kwa mshangao. Jino hilo, akaniambia, lilitoka kabla hujazaliwa.