Mwizi wa Mwani Bwawani

Leo nimemwita jirani yangu mwizi mbele ya watu. Sijui nijifiche wapi!

Pale mikokoni Msambweni kikundi chetu kinafuga bwawani vifaranga wa samaki aina ya mwatiko, na bwawani humo humo nimefunga kamba zangu za mwani.

Wiki nzima mwani unapungua. Jirani yangu Bi Mwanasiti naye anatengeneza sabuni ya mwani, na juzi alitoa sabuni nyingi ajabu. Nikajua ni yeye tu.

Asubuhi nikamuuliza mbele ya kikundi kizima, "Dada, mwani wangu unaupeleka wapi?"



Alikunja leso, akaingia bwawani na wavu wa kimia, akaibua samaki wa ukubwa wa kiganja. Mwani bado unaning'inia mdomoni!

Si mwatiko. Ni tafi, na tafi, jamani, chakula chake ni mwani.

"Vifaranga hawa aliwavua nani?" akauliza.

Mimi. Na niliapa wote ni mwatiko.

"Niwie radhi, dada yangu."

"Radhi nitakupa," akasema, "lakini mwizi wako nataka umlete kwangu amepakwa nazi."

Hapa nilipo nakuna nazi ya pili. Chekeni, lakini wali mje nao nyinyi.