Simu Iliyomfunda Mkwe

Nisameheni, kisa hiki nitakiharibu, maana kinataka jukwaa na magoti mazima, nami vyote sina.

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya duka la kutolea kopi, mtaani Katandala. Mbele yangu alisimama kijana mmoja mfugaji, shati jipya bado lina mikunjo ya dukani, yuko safarini kwenda Mwimbi kujitambulisha kwa wakwe wa Kifipa. Akaiuliza akili mnemba ya kwenye simu yake amsalimieje mama mkwe. Simu ikajibu kwa sauti, bila haya: "Mpe mkono kwa uthabiti, mtazame machoni."

Mama mmoja nyuma yangu akashusha kikapu. "We baba! Ukimshika mkono mama mkwe, hapo hapo umekosa mke!"

"Sasa nifanyeje, mama?"

"Chuchumaa. Macho chini. Piga makofi, polepole."

Kijana akachuchumaa katikati ya duka, akapiga makofi kama anashangilia mpira.

"Polepole!" foleni nzima ikamkemea.

Akarudia, safari hii kwa adabu, mpaka mama akamwitikia kwa makofi yake.

"Lakini mbona simu haikujua?" akauliza kijana, akijipangusa suruali. Swali hilo lilinikuna na mimi.

"Hiyo inajua yale watu waliyoyaandika tu," akasema mwenye duka. "Sasa mambo ya Ufipa yetu, nani anayaandika?"

Foleni yote ikanigeukia mimi, mwandishi wao wa gazetini. Miaka yote hii ya safu, nimewaandikia habari za kitambi changu.