Kinyozi na Radi ya Hokkaido

Kila mara Nagisa, mhudumu wa ukumbi wa michezo ya mashine pale Osaka, alipomwona yule kinyozi akiingia na fimbo zake za ngoma amezifunga kwa taulo la kunyolea, alijua leo tena mtandao utatukanwa. Mikono ile laini ya kushika wembe ilipiga ngoma ya mashine, mchezo wa kufuatisha mapigo ya wimbo, kama inafukuza mwizi. Shida ilikuwa mwanzo. Akipangiwa mpinzani wa mtandaoni, huiinamia skrini kwanza, mgongo umelala kama meza, na akiinuka mapigo ya mwanzo yameshampita.

“Mtandao umekwama tena!”

“Mtandao hauna shida, mzee. Ni huko kuinama. Mwenzako hakuoni.”

“Nicheze na mtu bila salamu? Kwani niliokotwa jalalani?”

Aliyemkera zaidi alijiita Radi ya Hokkaido, kama mtu wa kisiwa kile cha mbali kaskazini, naye pia alikosa mapigo yale yale. “Ananiachia makusudi. Dharau hizo!”

Jumamosi moja, mara tu wimbo ulipoanza, mwanamke alifoka kwenye mashine ya upande wa pili: “Mtandao gani huu!” Kinyozi akazunguka. Skrini ya pili ilionyesha jina la Radi, na Radi mwenyewe alikuwa muuza samaki ambaye duka lake linatazamana na la kinyozi. Wakaanza upya, safari hii wakiinamiana ana kwa ana, na kwa kuwa hakuna aliyekubali kuinua kichwa kwanza, wimbo wote ukapita. Skrini zikatangaza sare, sifuri kwa sifuri.

“Umeona?” kinyozi akamwambia Nagisa, bado ameinama. “Leo mtandao haukukwama.”