Kuongeza Mkataba Ndani ya Eda

Barua ya ofisi ya jengo ilikuja kwa jina la mume wangu. Mkataba wa fleti unaisha mwisho wa mwezi, ilisema, na kama anataka kuendelea kukaa, basi ashuke ofisini atie saini. Mume wangu wakati huo alikuwa na wiki ya sita kaburini. Niliisoma barua ile nimesimama jikoni, uji unachemka, nikasema peke yangu kwa sauti, "Ala! Mnataka nikamfukue?"

Nilikuwa eda. Miezi minne na siku kumi mjane anakaa ndani ya nyumba ya mumewe, na nyumba yenyewe ndiyo hii: vyumba viwili, ghorofa ya tatu, Riverdale Park, huku ughaibuni, dirisha la sebuleni linatazama barabara kuu na duka la matairi. Tulikaa humu miaka kumi na saba. Kila mkataba ulipoisha yeye ndiye aliyeshuka kutia saini, mie jina langu liko chini kama mkaazi tu, sawa na mtoto. Hatukuona tatizo. Kwetu baba ndiye anayekwenda maofisini, na nani atakaa afikirie habari hizo wakati mzee mwenyewe bado anapanda ngazi na mfuko wa mchele begani? Sasa mkataba ukiisha bila saini, mie nimekuwa mtu aliyeganda kwenye nyumba ya watu, na eda yangu nitaimalizia sijui wapi. Hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Nikawaandikia kwamba amefariki. Wakajibu siku ile ile: pole sana, tafadhali mkumbushe asichelewe kutia saini. Nikaandika tena, nikaambatisha na cheti cha kifo. Wakaniuliza anwani yake mpya. Jamani! Niliitupa simu kwenye kochi, ikadunda ikaanguka chini ya meza, nikaiacha huko huko mpaka adhuhuri.

Binti yangu anakaa na kufanya kazi Arlington, mji mwingine. Kiswahili anakisikia chote, hata ukinong'ona, lakini kujibu ni Kiingereza tangu alipoanza shule. Akawapigia yeye, akaniletea jibu: wataandika mkataba mpya kwa jina langu, ila nishuke mwenyewe.

"Niko eda," nikamwambia.

Akanijibu kwa Kiingereza chake kwamba ofisi iko chini ya jengo hili hili, siyo safari. Na kweli, dini haikunifunga. Shekhe alishaniambia kwenye simu kwamba kwa dharura kama hiyo ruhusa ipo. Lakini nilikuwa nimeshajaa mpaka hapa. Walimwita maiti ashuke, tena na tena, basi na wao wapande mara moja. "Sishuki," nikasema. "Waje wao." Binti yangu akasonya. Msonyo ndio Kiswahili pekee alichobaki nacho.

Wakaja kweli. Alikuja mama mmoja wa makamo, mpole, na tableti mkononi. Nikamwekea chai ya maziwa, hakuigusa. Kabla ya kunipa mkataba akanionyesha picha. Ulikuwa mlango wangu, siku ya pili ya matanga, na viatu vimejaa ukumbini mpaka karibu na lifti: makubadhi, raba, viatu vya kazini, vya watoto, kimoja kimepanda juu ya kingine. Jirani alikuwa amepeleka malalamiko. Jozi ishirini na sita, akasema, kumbe amezihesabu, na kwa adabu kabisa akaniuliza kama watu wote hao wanakaa humu.

Nilitaka kucheka, hasira zikawahi. "Hao walikuja kunipa pole," nikamwambia. "Kwetu mtu haingii ndani na viatu. Walilia, wakasoma dua, wakala, wakaenda zao."

Akaandika. Kisha akageuka, akanyoosha kidole nje ya mlango. "Na hivi vya nani?"

Yalikuwa makubadhi ya mume wangu. Aliyavua pale aliporudi kutoka msikitini Ijumaa ile, na watu wa gari la wagonjwa wakamtoa miguu mitupu. Wiki zote hizo nilikuwa nafagia kwa kuyazunguka. Sikuwa namngoja, sijarukwa na akili. Mkono tu ulikuwa unakataa kuyainua.

Mama yule akanieleza kwamba kila mtu mzima anayeishi humu lazima aandikwe kwenye mkataba, na kama kuna mwanamume...

"Huyo ndiye mliyekuwa mkimwandikia barua ashuke!" Nilipiga kelele mpaka mlango wa jirani ukafunguka. "Ndiye huyo! Mwandikeni basi!"

Akawa mwekundu. Akasema pole, na naamini aliisema kwa moyo. Lakini kanuni ni kanuni: ukumbini hakutakiwi kitu, na faili la malalamiko halifungwi mpaka apige picha ya ukumbi mtupu, na mkataba hautoki mpaka faili lifungwe. Hakuwa na ubaya wowote, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Mtu mbaya ningegombana naye.

Basi nikainama nikayaokota. Kisigino cha kulia kilikuwa kimelika upande mmoja, kwa mwendo wake. Yule mama akapiga picha ya sakafu. Nikatia saini kila alipoonyesha, makubadhi nimeyabana kwapani, na nyumba ikawa yangu mwaka mwingine.

Jumamosi binti yangu alikuja na vyakula. Nilimsikia anatoka kwenye lifti, kisha hatua zikakoma mlangoni. Nikafungua. Alikuwa amesimama na mifuko yake, anatazama chini pale pembeni mwa mlango.

"Mama," akasema, "viatu vya baba viko wapi?"

Kwa Kiswahili.

"Vimo ndani," nikamwambia. "Vua na vyako, uingie navyo."