Moto Uliozimikia Njiani

Nilipokuwa mtoto, upande wa Haneti, moto wa nyumba yetu haukuzimwa makusudi hata siku moja. Jioni bibi, mama yake baba, aliufukia kwa majivu. Asubuhi mama aliufukua na kuupuliza. Watu wakihama, walihama nao. Makaa yaliwekwa kwenye kigae cha chungu, yakafunikwa kwa kinyesi kikavu cha ng'ombe, na mke wa nyumba akayabeba mwenyewe. Ukizimika njiani, bibi alisema, unaondoka na mdogo wa nyumba. Nilimwamini kabisa.

Nayakumbuka haya kwa sababu ya Upendo, mwanafunzi aliyepanga chumba kwangu hapa mjini, mtaa wa Kikuyu. Nimeandika kumbukumbu za miaka ile tuliyohamishwa kwa nguvu, naye akaomba azisome. Juzi alikuja sebuleni amezikumbatia karatasi zangu, uso umemchangamka.

"Shikamoo bibi. Huu moto wa mama yako nimeuelewa. Ni ishara ya uhuru, sivyo? Wakubwa wanauzima, lakini mioyoni unaendelea kuwaka."

"Marahaba. Nani kakwambia uliendelea kuwaka?"

Alicheka, akidhani namtania. Sikuwa namtania.

Siku ile walikuja asubuhi, malori mawili na mgambo wenye virungu. Tulikuwa tumeshaambiwa tuhamie kijiji kipya, na baba alikuwa mbali malishoni na ng'ombe. Wazee waliomba tuachwe mpaka mvua zipite. Bwana aliyewaongoza mgambo aliwaamuru vijana wake wapande juu ya tembe letu, wakaanza kulichimba paa la udongo kwa majembe, tena majembe yetu wenyewe. Bibi alipakiwa lori la mbele pamoja na mbuzi. Lilipoanza kuondoka alimwita mama kwa jina langu, akasema neno moja tu.

"Mama Sechelela, moto!"

Mama alipanda lori la nyuma, kigae mikononi, mdogo wangu Yohana mgongoni. Yohana alikuwa hajaweza hata kukaa. Mimi nilishika upindo wa kanga ya mama. Hatujafika mbali, mgambo mmoja akaona moshi.

"Wewe mama, unataka kutuchomea gari?"

"Naomba, baba. Ni moto wa nyumba."

"Nyumba ipi?"

Wenzake wakacheka. Akamnyang'anya kile kigae, akakitupa nje. Nilichungulia nikaona makaa yametawanyika barabarani, nikamshika Yohana mguu, maana nilijua mdogo wa nyumba ni nani.

Tulishushwa porini kwenye miiba, penye vigingi vya kuonyesha kila mtu ajenge wapi. Mvua ikanyesha. Tulilala chini ya ngozi ya ng'ombe iliyotandazwa juu ya matawi, na kila ukuni tuliookota ulikuwa umelowa. Yohana alianza kukohoa, kisha akakataa kunyonya. Zahanati tuliyoahidiwa ilikuwa bado kigingi. Alikufa mchana, mikononi mwa mama, na bibi akasema mbele ya watu wote, "Nilisema mimi. Ungeuficha ndani ya kanga."

Majirani walikuwa kwenye lori lile lile na walimwona mgambo kwa macho yao, lakini walitikisa vichwa wakimtazama mama. Ukimlaumu mgambo unapigwa. Ukimlaumu mama hupatwi na lolote. Baba alipofika na ng'ombe, hakuuliza habari za lori. Aliuliza nani alibeba moto. Na yule bwana aliyewaongoza mgambo alikuja msibani kutoa pole, akapewa kigoda. Mama alikuwa amekaa chini, kwenye tope.

Bibi nilimpenda, na simchukii hata leo. Alikuwa mzee aliyenyang'anywa kila kitu, akatafuta pa kuutua uchungu wake, akaona mkwewe yuko karibu. Kinachoniuma ni kwamba mama mwenyewe aliamini. Mpaka anakufa hakuwasha tena jiko kwa mkono wake. Alimwomba mtoto wa jirani, na alipoulizwa alisema mkono wake ni mbaya. Nilisoma, nikawa mwalimu, nikamweleza mara nyingi habari za mapafu na baridi. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akabadilisha mazungumzo.

Kwa hiyo Upendo aliponiletea ishara yake nzuri, nilikasirika kuliko alivyostahili, masikini. Si kosa lake; shuleni wamemfundisha hivyo. Lakini ishara tulikuwa nayo toka zamani, tuliisoma kijiji kizima, na ikamwacha yule bwana aende zake mikono misafi.

Nilipotulia aliniuliza, kwa sauti ndogo, sasa aandike nini pembeni ya ukurasa ule. Nilimwambia aandike kwamba mtoto alikufa kwa baridi, na nyumba tulikuwa nayo, mpaka yule bwana alipoibomoa.